Mlalaji si Shahidi

Mtu akikoroma hadi chumba cha pili, watu husema amechoka na sasa amelala fofofo. Huenda halali hata kidogo kwa maana ya kupumzika. Usingizi ukikolea, misuli ya koo hulegea, na kwa baadhi ya watu njia ya hewa huziba kabisa. Kifua huhangaika kuvuta hewa isiyopita, oksijeni hushuka, kisha ubongo humgutusha kwa sekunde chache ili koo lifunguke. Asubuhi hakumbuki lolote. Lakini kila mgutuko hupandisha mapigo ya moyo, na presha inayopaswa kushuka usiku hubaki juu. Ndiyo maana mgonjwa ambaye presha yake imegoma hata kwa dawa tatu anastahili kuulizwa kuhusu usingizi wake.

Ila swali la “unalala vizuri?” halisaidii, kwa kuwa anayeulizwa alikuwa usingizini. Murray Johns wa Australia alilikwepa mwaka 1991: dodoso lake huuliza uwezekano wa kusinzia mchana, kwa mfano ukisoma umekaa au ukiwa abiria garini kwa saa nzima. Alama zikizidi 10 kati ya 24, kuna jambo la kufuatilia. Dodoso lililotungwa Toronto na Frances Chung na wenzake, lililochapishwa mwaka 2008, huuliza kama kuna aliyekuona ukiacha kupumua, na hupima mzunguko wa shingo. Kwa hiyo mume au mke aingie na mgonjwa kwa daktari. Uthibitisho hutoka kwenye kipimo cha usiku: huhesabiwa kila mara pumzi inapokatika au kupungua sana kwa sekunde 10 au zaidi. Mara 5 kwa saa ni mwanzo wa tatizo. Kuanzia 30 hali ni mbaya.

Wapo watakaosema si kila anayekoroma ni mgonjwa. Kweli, na ndiyo sababu ya kupima badala ya kukisia. Pingamizi zito zaidi ni utafiti wa SAVE wa mwaka 2016: kwa wagonjwa zaidi ya 2,700, mashine ya kusukuma hewa puani, tiba ya tatizo hili, haikupunguza mshtuko wa moyo wala kiharusi. Lakini waliitumia wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na hata hivyo usingizi wa mchana ulipungua. Basi tusiahidi kuokoa moyo. Kumzuia dereva asisinzie kwenye usukani ni sababu tosha. Na kama vipimo vya usiku ni adimu, maswali na futi ya fundi cherehani vitaonyesha nani atangulie foleni.