Thibitisha Umiliki wa Tovuti Yako kwa Akaunti Yako Mwenyewe

Fundi samani wa Keko, katika Manispaa ya Temeke, anapoweka picha za makochi na vitanda vyake kwenye tovuti, hutarajia kwamba mteja aliyeko Tegeta au Bunju akitafuta samani kupitia Google, atamwona. Mara nyingi kazi ya kutengeneza tovuti hiyo hupewa mtaalamu wa kompyuta, na hilo halina ubaya. Tatizo huanza pale mtaalamu anapoitambulisha tovuti kwa Google kwa barua pepe yake binafsi. Siku wakikosana, fundi hujikuta hana mamlaka juu ya namna biashara yake inavyoonekana mtandaoni.

Uthibitisho wa umiliki ni nini?

Google ina huduma iitwayo Search Console, na Microsoft ina Bing Webmaster Tools. Kwa mfano, kupitia Search Console, mwenye tovuti huona maneno waliyotafuta watu hadi wakaifikia tovuti yake, hupokea tahadhari kurasa zake zikigundulika kuingiliwa na wadukuzi, na anaweza kuomba ukurasa uondolewe kwa muda katika matokeo ya utafutaji.

Kwa kuwa mamlaka hayo ni makubwa, unatakiwa kwanza kuthibitisha kwamba tovuti iko mikononi mwako. Hutaombwa leseni ya biashara. Utapewa msimbo maalumu, na ukiweza kuuweka mahali panapotakiwa, utatambuliwa kuwa mmiliki. Maana yake ni kwamba anayetambuliwa ni yule mwenye uwezo wa kuuweka msimbo, hata kama biashara si yake.

Hatua za kufuata

1. Fungua akaunti ya barua pepe ya biashara. Nywila yake uijue wewe, na uweke uthibitishaji wa hatua mbili.

2. Ingia Search Console kwa akaunti hiyo, kisha andika anwani ya tovuti yako.

3. Chagua njia ya kuthibitisha. Ikiwa una kikoa chako, yaani jina la tovuti kama lile linaloishia na .co.tz, msimbo unaweza kuwekwa kwenye mipangilio ya DNS ya kikoa hicho. Omba msaada wa msajili aliyekuuzia. Njia nyingine ni kupakia faili au kuweka kipande cha msimbo kwenye ukurasa wa mwanzo. Tovuti iliyotengenezwa kwa Blogger kwa kawaida hutambuliwa yenyewe kwa akaunti ileile iliyoifungua.

4. Bonyeza kitufe cha kuthibitisha. Mabadiliko ya DNS huweza kuchukua muda kuonekana, hivyo ukishindwa mara ya kwanza, jaribu tena baadaye.

5. Usiondoe msimbo baada ya kufanikiwa, kwa kuwa Google hurudia ukaguzi mara kwa mara.

Mtaalamu wako akihitaji kuingia, mwongeze kama mtumiaji mwenye ruhusa zenye mipaka. Usimpe nywila yako.

Ikiwa mtu mwingine amekwisha kuthibitisha

Tovuti moja inaweza kuwa na wamiliki zaidi ya mmoja waliothibitishwa. Hivyo, ukiwa na uwezo wa kuingia kwenye tovuti au kikoa chako, unaweza kujithibitisha bila kusubiri idhini yake. Baada ya hapo, fungua orodha ya watumiaji, umwondoe, kisha ufute na msimbo wake. Msimbo ukibaki, anaweza kurudi.

Ikiwa huwezi kuingia popote, muulize msajili kikoa kimeandikishwa kwa jina la nani. Fahamu pia kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mtu bila idhini.

Tahadhari

Search Console haitozwi ada. Unaweza kumlipa mtu kwa kazi yake, lakini usikubali kulipa "ada ya Google" ya uthibitisho. Aidha, kuthibitisha hakuipandishi tovuti yako kuwa ya kwanza katika matokeo.

Kabla ya kufanya malipo ya mwisho kwa mtengenezaji wa tovuti, hakikisha mambo matatu: kikoa kimesajiliwa kwa jina lako, nywila za tovuti umekabidhiwa, na akaunti iliyothibitishwa kuwa mmiliki ni yako. Yaandikeni katika makubaliano yenu tangu mwanzo.