Mfuko wa samaki wa mapambo haufunguliwi njiani

Samaki wa mapambo wanaovuliwa baharini pwani ya Kenya husafirishwa wakiwa hai katika mifuko ya plastiki yenye maji ya chumvi kidogo na oksijeni nyingi, ndani ya maboksi ya povu gumu yanayozuia joto. Kabla ya kufungashwa hawalishwi kwa siku moja au mbili, wasichafue maji.

Hasara huweza kuletwa na huruma: mtu hufungua mfuko ili samaki "wapate hewa". Safarini pumzi ya samaki hujaza maji hewa ya ukaa, na maji yakawa na asidi. Asidi hiyo hupunguza ukali wa amonia inayotoka mwilini mwao. Mfuko ukifunguliwa, hewa ya ukaa hutoka, asidi hupungua na amonia ile ile hugeuka sumu kali.

Mfuko huachwa umefungwa, ukaelea juu ya maji ya tangi dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Ukishafunguliwa, samaki wahamishwe upesi. Maji ya mfuko humwagwa, hayaingii tangini.

Anayevusha mpaka farasi wa baharini anahitaji pia kibali cha CITES, mkataba unaowahusu tangu 2004.