Askari Naye Ana Kwao

Kila apitaye katikati ya jiji la Dar es Salaam huiona sanamu ya Askari. Ni mtu wa shaba aliyevaa sare, ameishika bunduki kwa mikono miwili, na ncha ya singe yake imeelekea bandarini. Sanamu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Chini yake pana maandishi yanayoahidi kwamba mtu aifiaye nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo ni njema. Lakini msomaji atakayeizunguka nguzo ile pande zote akitafuta jina moja tu la aliyekufa, hataliona.

Tena liko jambo la pili lisiloonekana pale. Askari yule yu peke yake. Hapana mama aliyemsindikiza mpaka njia panda, hapana mke aliyebaki na mimba changa, hapana mtoto atakayeuliza baba yuko wapi. Huenda hatuwezi kumlaumu mchongaji, maana shaba ina mipaka yake. Kazi ya kumrudisha askari kwao, akaonekana tena kuwa mtoto wa fulani na mume wa fulani, imeangukia mikononi mwa waandishi wa riwaya. Nasi leo twataka kusema kwamba riwaya ya vita iliyo njema haipimwi kwa wingi wa mizinga inayolia ndani yake. Hupimwa kwa yale yanayotokea nyumbani.

Na tuanze na riwaya iliyo mashuhuri kupita nyingi za aina hii, ile ya Mjerumani Erich Maria Remarque iliyotoka kitabu mwaka 1929, iitwayo kwa Kijerumani Im Westen nichts Neues. Remarque mwenyewe alipelekwa vitani mwaka 1917 akiwa kijana, akajeruhiwa mwaka huo huo, na kabla mwaka haujaisha mama yake akafariki dunia. Wengi wanaokumbuka riwaya yake hukumbuka mahandaki, panya, gesi ya sumu na matope. Lakini sura inayouma kuliko zote haina hata risasi moja. Ni ile ya Paul Bäumer kurudi kwao kwa likizo.

Kijana huyo amezoea kulala chini ya mizinga, lakini anashindwa kuketi kitako katika chumba alichokulia. Vitabu alivyovipenda havimsemeshi tena. Baba yake anamtaka asimulie habari za vita, kama kwamba ni hadithi za kuburudisha wageni. Mama yake, anayeugua saratani, anamwuliza kama huko mbele hali ni mbaya sana, naye anamjibu kwamba si mbaya. Kisha anakwenda kwa mama wa rafiki yake aliyekufa kwa jeraha baada ya kukatwa mguu, na mama yule anamtaka aape kwamba mwanawe alikufa papo hapo bila ya kuteseka. Paul anaapa. Anajua kwamba anaapa uongo, na msomaji naye anajua, wala hapana kati yetu awezaye kumlaumu. Hapo ndipo tunapoelewa kwamba vita vimekwisha kuingia sebuleni, vimeketi kati ya mama na mwana, na kwamba hata amani ikija havitatoka upesi.

Watawala wa Nazi waliitambua nguvu ya kitabu hicho. Mwezi Mei 1933 walikitia motoni hadharani pamoja na vingine vingi, na mwaka 1938 wakamvua mwandishi uraia wake. Yeye alikuwa amekwisha kuhama nchi, hawakumpata. Dada yake, Elfriede, alibaki Ujerumani. Mwezi Desemba 1943 aliuawa kwa kukatwa kichwa, baada ya kushitakiwa kwamba alisema vita vimekwisha kushindwa. Hivyo mtu aliyeandika jinsi vita vinavyovunja jamaa, vita vilimfuata katika jamaa yake mwenyewe.

Sasa tuligeukie suala la mapenzi. Wako wasomaji wanaodhani kwamba mapenzi katika riwaya ya vita ni sukari tu, imetiwa ili chai ichungu inyweke. Mwaka ule ule wa 1929, Mmarekani Ernest Hemingway alichapisha A Farewell to Arms, na kitabu hicho ni jibu tosha. Hemingway alijeruhiwa nchini Italia mwezi Julai 1918, akiwa hajatimiza miaka kumi na tisa, na huko hospitalini akampenda muuguzi. Riwaya yake inamhusu Frederic Henry, afisa wa magari ya wagonjwa, na Catherine Barkley, muuguzi wa Kiingereza ambaye mchumba wake wa kwanza alikwisha kuuawa vitani. Jeshi linaporudi nyuma kwa fujo mwaka 1917, Frederic anaona maafisa wakipigwa risasi na askari wa upande wao wenyewe. Anajitupa mtoni, anaukimbia utumishi, na baadaye wapenzi hao wawili wanavuka ziwa kwa mashua usiku mpaka Uswisi, nchi isiyo vitani.

Msomaji hupumua hapo akidhani wameokoka. Hawakuokoka. Mtoto anazaliwa mfu, na Catherine anafariki kwa kutokwa damu. Hakuna adui aliyemwua. Na hiyo ndiyo maana ya kisa: watu hao wameukimbia uwanja wa mapigano, lakini hapana mahali palipoandikwa kwamba aliyetoka vitani amekwisha kulipa deni lote. Mapenzi katika riwaya kama hii ndiyo mizani. Kwayo tunajua thamani ya kinachopotea.

Huenda msomaji atasema kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Basi tuje kwetu. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967, inahusu watu wa kijiji cha Thabai katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya, iliyotangazwa mwezi Oktoba 1952. Gikonyo, fundi seremala, anakaa kizuizini miaka sita akimfikiri mkewe Mumbi. Siku anayorudi anamkuta ana mtoto wa Karanja, mtu aliyewatumikia Waingereza. Mwandishi mwepesi angemaliza hapo kwa kumhukumu mwanamke. Ngũgĩ hafanyi hivyo. Anamwacha Mumbi aseme mwenyewe: njaa ilivyokuwa, nyumba zilivyochomwa, alivyomlea mama mkwe wake, na jinsi alivyoanguka saa ile ile alipoletewa habari kwamba mumewe anarudi, furaha ikamlegeza. Gikonyo aliijua taabu ya kizuizini, lakini hakuijua taabu ya kubaki. Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Naye Chimamanda Ngozi Adichie wa Nigeria, katika Half of a Yellow Sun ya mwaka 2006, ameandika juu ya vita vya Biafra vya mwaka 1967 hadi 1970, ambavyo yeye mwenyewe hakuviona kwa kuwa alikuwa hajazaliwa. Kijana Ugwu, mtumishi wa nyumbani, mwerevu, mpole, mpenda vitabu, anakamatwa njiani na kutiwa jeshini kwa nguvu. Akiwa na wenzake katika kilabu cha pombe, anashiriki kumnajisi msichana. Arudipo kwao anakuta dada yake mwenyewe alifanyiwa unyama huo huo na askari. Ni vigumu kusoma kurasa hizo, na ilikuwa vigumu zaidi kuziandika, maana msomaji amekwisha kumpenda kijana yule. Lakini mwandishi ambaye askari wake hawatendi dhambi anaandika tangazo la kuandikisha watu jeshini. Hiyo si riwaya.

Kisha tufike hapa pwani. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza na ya Ujerumani yalifukuzana katika ardhi yetu tangu mwaka 1914 mpaka Jenerali Lettow-Vorbeck aliposalimu amri mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Upande wa Waingereza peke yake waliwachukua wapagazi karibu milioni moja kutoka nchi mbalimbali za Afrika, na inakadiriwa kwamba si chini ya 95,000 kati yao walikufa. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na njaa, mizigo ikiwa vichwani. Jina la Kariakoo tunalolitaja kila siku tuendapo sokoni ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililotamkwa kwa ulimi wetu. Ni wangapi wanunuao nyanya pale wanaolijua hilo?

Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kutunukiwa Nishani ya Nobel ya fasihi mwaka 2021, alivirudisha vita hivyo nyumbani katika riwaya yake Afterlives ya mwaka 2020. Humo yumo Ilyas, anayejiunga kwa hiari na jeshi la Wajerumani na kumwacha nyuma dada yake mdogo, Afiya. Mjomba anayekaa naye anampiga mpaka kumvunja mkono, kwa kosa la kujua kuandika. Yumo pia Hamza, askari aliyekatwa kwa upanga na sajini wa Kijerumani wa kikosi chake mwenyewe, anayerudi mjini akichechemea, hana mtu wala kitu, akapata kazi katika ghala la mfanyabiashara. Hamza na Afiya wanapendana taratibu, kwa haya ya kipwani, katika nyumba ya Bwana Khalifa na Bi Asha. Mapenzi yao ni ya watu wawili waliovunjwa, mmoja na vita, mwingine na nyumba iliyoachwa kwa sababu ya vita. Wanaoana, wanapata mwana, wanampa jina la Ilyas. Lakini mjomba mwenye jina hilo harudi, na kutorudi kwake kunaisumbua nyumba ile miaka mingi, mpaka inapokuja kujulikana kwamba alifia katika kambi ya mateso ya Wanazi.

Asidhani mtu kwamba huo ni uzushi mtupu. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari, akaingia jeshi la Wajerumani angali mtoto. Mwaka 1929 alifika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na marehemu baba yake hawakulipwa. Hakuipata. Alikaa huko, akaoa, akapata watoto, akafundisha Kiswahili chuo kikuu na kuigiza katika filamu. Mwaka 1941 alikamatwa, kosa lake likiwa ni uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, na tarehe 24 Novemba 1944 akafariki katika kambi ya Sachsenhausen. Hivyo ndivyo alivyolipwa mtoto wa Dar es Salaam kwa utumishi wake.

Katika Kiswahili chetu wenyewe hatukukosa watu wa kuandika vita. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alitunga juu ya vita vya Wadachi pwani, Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya Maji Maji, Shaaban Robert juu ya Vita Kuu ya Pili, na Henry Muhanika juu ya Kagera. Tenzi hizo ni hazina. Lakini utenzi wa vita hupenda uwanja: nani alisonga, nani alianguka, nani alishinda. Riwaya ya Kiswahili inayomfuata mke wa mpagazi, au mama wa mpiganaji wetu, tangu ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, ni nadra.

Na hapa wakati hautungoji. Wapagazi wa mwaka 1914 wamekwisha kwenda na wake zao, wala hapana tena wa kumwuliza. Lakini vita vya Kagera vilianza mwaka 1978. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Msichana aliyekuwa na miaka ishirini wakati daraja la Kyaka lilipovunjwa, leo ni bibi. Wapo waliokimbia na watoto migongoni, wakaacha migomba na ng'ombe. Wapo walioolewa na watu ambao walirudi wakiwa si wale walioondoka. Wapo waliopokea barua moja, kisha kimya. Wao ndio wenye sura ile ambayo haimo katika tenzi wala katika hotuba za kila mwaka.

Twawaomba basi vijana wenye kalamu, na walimu wa shule ambao wana wanafunzi wenye bibi, wakaketi na wazee hao na kuwasikiliza. Wasiende kuuliza bunduki ilikuwa ya aina gani. Waulize kilipikwa nini siku ya kuagana, nani aliileta habari, na ni lini mtu aliyerudi alianza tena kulala usiku kucha. Wayaandike majina, na pale wenyewe wasipotaka majina yao yatajwe, wayastahi. Kisha mwenye kipaji na atunge riwaya.

Ahadi iliyochongwa chini ya sanamu ile ya Askari imekaa tangu mwaka 1927 bila ya kutimizwa. Shaba haitaitimiza. Itatimizwa na mtu atakayekwenda kumwuliza bibi yake, kabla ya mwaka huu kwisha, jina la yule ambaye hakurudi.