Kabla ya Kupanda Basi, Kula Kwanza

Kila likizo ndefu ikikaribia, hapa chuoni hakukosi mtu anayepanga kufunga begi kwenye keria na kuondoka peke yake kwa baiskeli. Njia moja nzuri kwa safari ya namna hiyo ni ya kutoka Mwanza kupitia Magu, Lamadi na Bunda hadi Butiama, kisha unateremka Musoma kuoga uso kwa maji ya ziwa. Hadi Butiama ni kilomita 200 na kitu. Kwa baiskeli ya kawaida yenye mzigo, hesabu siku tatu au nne.

Wengi hujiandaa kwa pancha: viraka, pampu, tyubu ya akiba. Kinachowarudisha watu nyumbani mara nyingi si pancha. Ni ile saa tisa alasiri, jua kali, upepo unakusukuma nyuma, ghafla unammisi mama mpaka machozi yanakulenga. Unajiuliza, hivi mimi nimefuata nini huku? Basi la Mwanza linapita, mkono unataka kulisimamisha. Hapo ndipo inabidi ujue kinachoendelea mwilini kabla hujaamua lolote.

Ukikanyaga pedali, misuli inatumia sukari iliyohifadhiwa ndani yake na kwenye ini. Kwa mwendo wa nguvu, akiba hiyo inapungua sana ndani ya saa mbili hivi. Ubongo nao unategemea sukari iliyo kwenye damu. Ikishuka, unatetemeka, unakasirika hovyo, unashindwa kufikiri vizuri, na huzuni inakuja bila sababu. Ongeza upungufu wa maji, maana juani mtu anaweza kutoa jasho la lita nzima kwa saa moja. Ongeza na usiku wa gesti yenye mbu na muziki wa jirani. Yaani mwili unalia njaa, kiu na usingizi, lakini wewe unasikia neno moja tu: nyumbani.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu. Kwanza, shuka ukae kivulini. Pili, kunywa maji, na kama umetoka jasho sana tengeneza ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Tatu, kula. Chapati na chai kwa mama ntilie, ndizi, viazi vitamu, ugali na sato kama upo. Nne, pumzika nusu saa. Baada ya hapo jiulize tena kama unataka kurudi. Ukiona hamu imeisha, ilikuwa njaa. Ukiona miguu imegoma kabisa, lala mji uliopo na uendelee kesho. Usijikaze kuendesha gizani. Huku jua linazama karibu saa moja jioni, malori yapo, na upande wa Lamadi na Bunda uko jirani kabisa na Serengeti, ambako tembo hutoka na kuingia vijijini.

Kuna uchovu ambao si wa kuvumilia. Ukipata homa, nenda kapime malaria, maana ukanda wote huu wa ziwa unayo. Ukiona kizunguzungu, unatapika au unachanganyikiwa juani, safari imesimama. Tafuta kituo cha afya.

Sasa, umekula, umelala, na bado unaumia moyoni. Hiyo ndiyo hamu ya nyumbani yenyewe, na wala si udhaifu. Mwaka 1688 daktari mmoja wa Uswisi, Johannes Hofer, aliiandikia tasnifu huko Basel akiichukulia kama ugonjwa kamili. Miongoni mwa wagonjwa alioeleza ni mwanafunzi kutoka Bern aliyekuja kusoma Basel. Kijana alidhoofika mpaka watu wakakata tamaa, lakini alipoanza tu safari ya kurudishwa kwao, nafuu ikaanza, hata kabla hajafika.

Hapo kuna funzo kwa mwendesha baiskeli. Nauli ya basi iweke pembeni, usiiguse hata bumu likiisha. Mtu anayejua kwamba akitaka kurudi anaweza, hana haja ya kuhisi amefungwa, na kwa sababu hiyo anaweza kuendelea siku moja zaidi. Na ukirudi kwa akili iliyotulia, baada ya kula na kulala, hujashindwa kitu.

Dawa nyingine ni watu. Ukiwa umechoka, swali la "unatoka wapi, unakwenda wapi?" linaweza kukukera. Lijibu hivyo hivyo. Shuka usalimie: shikamoo mzee, shikamoo mama. Asubuhi upande wa Magu ukisema "mwangaluka" utaona nyuso zinavyofunguka. Simu ya nyumbani nayo iwe na saa yake, jioni ukishakula na kuoga. Ukimpigia mama ukiwa kwenye kilele cha uchovu, atasikia sauti tu na kukuambia urudi, na nyote wawili hamtalala. Mtumie jina la gesti unayolala kila usiku. Hilo linamtuliza yeye na wewe pia.

Ukifika huko, kumbuka kwamba mwaka 1934 Kambarage Nyerere, mtoto wa miaka kama 12, alitoka Butiama kwenda kusoma bweni Mwisenge, Musoma, mbali na mama yake na Kizanaki cha nyumbani. Mwaka 1967, akiwa Rais, alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha, lakini safari hiyo hakuwa peke yake. Watu walikuwa naye njiani.

Mwaka wa kwanza wanaolia hosteli wiki ya tatu wako safari hiyo hiyo, ingawa hawana baiskeli. Kabla hujamwambia mwenzako "jikaze", muulize leo amekula nini na jana amelala saa ngapi. Kisha kaa naye.