Fahamu: Kwa nini seli za tezi moja hutoa homoni tofauti

Chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa, kuna tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Sehemu yake ya mbele ina aina 5 kuu za seli. Zipo za homoni ya ukuaji, za prolaktini inayochochea maziwa ya mama, za kuamsha tezi ya thairoidi, za kuamsha tezi za adrenali, na za kuongoza ovari na korodani.

Zote zina jeni zilezile. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

Nani huziwasha?

Ni protini zinazojishika kwenye DNA. PROP1 hutangulia na kuiwasha PIT-1. PIT-1 nayo huzielekeza seli kwenye homoni ya ukuaji, prolaktini au ile ya kuamsha thairoidi. Seli za kuamsha adrenali huongozwa na TPIT, na za kuongoza ovari na korodani huongozwa na SF-1.

Protini hizo zikiwa na kasoro?

Mwaka 1929, George Snell wa Marekani alieleza kuhusu panya waliozaliwa katika ukoo mmoja wakabaki wadogo mno. Mwaka 1990 ilibainika kuwa jeni yao ya PIT-1 ina hitilafu. Miaka 2 baadaye, hitilafu za jeni hiyohiyo zikaripotiwa kwa binadamu.

Mtoto mwenye kasoro hiyo hudumaa, na thairoidi yake hufanya kazi kwa uvivu. Jeni yenyewe hairekebishwi, ila homoni zilizopungua hujazwa: sindano za homoni ya ukuaji na vidonge vya thairoksini.