Sungura Wameacha Kuzaa? Mchunguzeni Dume Kwanza

Hapa Kalemela wafugaji wengi hutuambia jambo lile lile baada ya Misa: jike aliyekuwa akizaa watoto saba au wanane sasa anazaa wawili, au hazai kabisa. Familia moja ilifikia mahali pa kumshuku jirani. Majike yao yalinyonyoka manyoya, yakatengeneza viota, kisha hakukuwa na mtoto hata mmoja. Wakasema watoto wamechukuliwa usiku. Fedha ya sungura ndiyo ilikuwa ikinunua daftari za shule, kwa hiyo uchungu wao tuliuelewa.

Tuliuliza swali moja: viota vilitengenezwa siku ya ngapi tangu kupandishwa? Siku ya 17, wakajibu.

Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Jike wa sungura haachilii mayai mpaka apandwe. Huyaachilia saa 10 au zaidi baadaye. Akipandwa na dume ambaye mbegu zake zimekufa, mayai hushuka bure na mwili wake hudhani una mimba. Mimba hiyo ya uongo huisha kati ya siku ya 16 na 18, na hapo ndipo hunyonyoa manyoya na kutengeneza kiota. Hakuna mtoto aliyeibwa.

Basi tukamgeukia dume. Pembeni ya kizimba chake palikuwa na debe la mashudu ya pamba. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa pamba, na mashudu hupatikana kwa urahisi, lakini mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli, ambayo mmea huitumia kujikinga na wadudu. Ng'ombe mkubwa huistahimili kwa sababu tumbo lake la kwanza hupunguza makali yake. Sungura hana tumbo la namna hiyo. Gosipoli hudhoofisha mbegu za kiume, na si za wanyama tu: huko China, katika vijiji vilivyopikia mafuta ghafi ya pamba, wanandoa walikosa watoto, na katika miaka ya 1970 wataalamu waliijaribu kama dawa ya uzazi wa mpango kwa wanaume. Waliiacha, kwa kuwa ilipunguza potasiamu mwilini na wengine hawakurudiwa na uwezo wa kuzaa.

Kosa la pili lilikuwa juu ya vichwa vyetu: bati tupu. Sungura hatoi jasho. Hupoza mwili kwa masikio. Joto likizidi nyuzi 30 kwa siku kadhaa, mbegu za dume huharibika, ingawa hamu yake hubaki na mfugaji hudanganyika. Mbegu mpya huchukua wiki sita au saba kukomaa, kwa hiyo joto la Septemba huonekana kwenye viota vya Novemba. Ndiyo maana tunasisitiza: mkibadili chakula na kuezeka nyasi juu ya bati, subirini miezi miwili. Wengi huchinja majike wazima katika wiki ya tatu.

Kama hamna hakika, azimeni dume wa banda jingine. Kwanza mwangalieni sehemu za siri. Akiwa na vidonda, mwacheni, kwani kaswende ya sungura huambukizwa kwa kupandana. Jike akishika mimba kwake, mmeshajua tatizo liko wapi. (Familia ile ilipata dume mzima kwa yule yule jirani.) Asiposhika, tazameni jike: amenenepa mno? Amezidi miaka mitatu? Dume na jike ni ndugu wa tumbo moja?

Badala ya mashudu ya pamba, tumieni ya alizeti kwa kiasi kidogo, na majani ya viazi yaliyonyauka kidogo. Pumba zilizoota ukungu zitupwe. Jike apelekwe kwenye kizimba cha dume, si kinyume chake, maana jike hulinda kwake kwa meno. Dume asipande zaidi ya mara tatu kwa wiki. Tarehe iandikwe kwa chaki mlangoni. Siku ya 14 mpapaseni jike tumbo taratibu, na siku ya 28 wekeni sanduku la kuzalia.