Mtoto Akikataa Ziwa Moja



Katika kikundi kimoja cha akina mama hapa Bamburi, mama kijana alitueleza shida yake baada ya pesa za mzunguko kukusanywa. Mtoto wake wa wiki 6 na siku chache ananyonya ziwa la kushoto vizuri. Akiwekwa la kulia analia, anajikunja, anageuza uso. Mkwewe alikuwa ameshaamua: "Ziwa hilo limechacha. Liache, umnunulie maziwa ya kopo." Wengine walisema ni jicho. Siku ya nne ilikuwa imefika hajanyonyesha upande huo, ziwa limekuwa gumu kama jiwe.

Tuseme wazi: maziwa hayachachi yakiwa ndani ya ziwa. Huchacha yakisahauliwa kikombeni. Ziwa lisiponyonywa linajaa, na mwili unapunguza kutengeneza maziwa upande huo. Likivimba na kuwasha moto, maziwa yake huwa na chumvichumvi, mtoto akionja anazidi kukataa. Kwa hiyo ule ushauri wa "liache" ndio unaoleta balaa, na maziwa ya kopo ni gharama ambayo nyumba nyingi zetu haziwezi.

Tulimwomba afungue leso tumwone mtoto. Paja la kushoto lilikuwa na uvimbe pale alipodungwa sindano ya chanjo ya wiki 6. Hebu shika mto mfano wa mtoto ujaribu mwenyewe: ukimpakata kwa kawaida kwenye ziwa la kulia, analalia ubavu wake wa kushoto. Kwenye ziwa la kushoto analalia ubavu wa kulia. Mtoto huyu alikuwa anaumia paja, basi. Mwingine huwa ni sikio, au shingo iliyokaza tangu kuzaliwa, au kidonda cha chanjo ya kifua kikuu mkononi.

Dawa yake ni kumsogeza bila kumgeuza. Mwanzishe ziwa analolipenda. Maziwa yakishaanza kutiririka, mtelezeshe polepole hadi lile la pili, akilalia ubavu uleule, miguu yake ipite chini ya kwapa lako, nawe umshike shingo na mabega kwa kiganja. Usimsukume kichwa. Mjaribu akiwa na usingizi, kabla njaa haijamkasirisha. Ziwa likiwa gumu, kamua kidogo kwanza chuchu ilainike. Usilikande kwa nguvu kama unga wa mahamri. Kitambaa cha maji baridi baada ya kunyonyesha kinatosha. Na kama umejipaka marashi mapya au dawa ya kuchua, oga kwanza. Mtoto anamjua mamake kwa harufu.

Akikataa kabisa, nawa mikono, ukamue kwa mkono kila wakati wa kunyonya na umnyweshe kwa kikombe kidogo kisafi. Chupa ni ngumu kuosha, na tena humzoesha chuchu nyingine. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 mahali penye joto lisilozidi digrii 25. Joto letu la pwani linazidi hapo mara nyingi, kwa hivyo ayanywe mapema.

Mama asiogope kwamba mtoto atakufa njaa. Ziwa moja linaweza kumtosha mtoto. Akina mama wa pacha wanalisha wawili kwa mawili. Ziwa moja likiwa kubwa kuliko jingine, leso itasitiri.

Lakini nenda kliniki upesi ukiwa na homa, ziwa likiwa jekundu na kuuma, mtoto akiwa na homa au utando mweupe mdomoni, au akikojoa kidogo. Dawa utakazopewa, uliza kama unaweza kuendelea kunyonyesha. Mara nyingi unaweza. Na mtoto akikataa ghafla ziwa alilokuwa akilinyonya siku zote, nawe unahisi kivimbe kisichoisha hata baada ya kukamua, kapimwe. Mara nyingi si ugonjwa mbaya, ila usikae nacho nyumbani.

Yule mama wetu alipata homa usiku ule akapelekwa kliniki asubuhi. Siku ya tatu mtoto alilishika ziwa la kulia akiwa nusu usingizini. Habari hizo tuliletewa na mkwewe.